Mark Four Si Mark Four: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Bunduki Kuukuu za Jeshi

Tangu tuguse habari za bunduki kuukuu za jeshi, barua zimemiminika mezani. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: jina hili hasa ni la kitu gani? Si swali la mbwembwe. Bunduki ikipewa jina lisilo lake, siku moja itapewa risasi isiyo yake, au itaandikwa vibaya gazetini na kwenye kitabu cha polisi. Tumechukua maswali yaliyojirudia. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Jirani yangu anasema "sarplasi" ni silaha mbovu ambazo jeshi limezikataa. Mwingine anasema ni zile zinazopenyezwa mpakani kimagendo. Nani mkweli? — *Msomaji, Kariobangi South*

JIBU: Wote wawili wamekosa. Sarplasi ni mali ambayo jeshi limeiandika rasmi kuwa imezidi mahitaji yake. Inaweza kuwa mpya, bado imezama kwenye grisi ya kiwandani, au inaweza kuwa imechakaa hadi mifuo ya ndani ya mtutu imefutika. Kinachoifanya iwe sarplasi ni karatasi, si hali ya chuma.

Baada ya 1945 Uingereza ilibaki na bunduki nyingi isizozihitaji. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara walizinunua kwa wingi na kuzipeleka Marekani kwa meli, hadi sheria ya huko ya 1968 ilipoufunga mlango huo kwa miaka mingi. Ukitaka kujua kama bunduki ya Mwingereza iliuzwa kihalali, tafuta alama ya mshale. Mshale mmoja wenye mabawa matatu unasema "mali ya serikali". Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha, ikafanana na nyota, inasema "imetoka mikononi mwa serikali". Mshale mmoja bila wa pili haumaanishi moja kwa moja kwamba bunduki iliibwa, kwa sababu alama ya kuuzia haikupigwa kila mara.

Hapa kwetu neno hilo linatumika vibaya zaidi. Bunduki 5,250 zilizochomwa moto Ngong mnamo Novemba 2016 hazikuwa sarplasi. Zilikuwa silaha haramu zilizonaswa au kusalimishwa. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo inagusa aina zote mbili: silaha haramu, na zile za serikali zilizozidi au kupitwa na wakati. Ni mafungu mawili, na mwandishi makini huyatenganisha. Na anayekunong'oneza mtaani kwamba anauza "sarplasi ya jeshi bei poa" anauza kesi mahakamani.

SWALI: Baba alikuwa polisi wa akiba na mpaka leo anaiita bunduki yake ya zamani "Mark Four". Kwenye intaneti naona picha za "Lee-Enfield No. 4 Mk I". Ni ile ile? Mbona namba mbili? — *Msomaji, Donholm*

JIBU: Ni ile ile karibu kwa hakika, ila jina limegeuzwa kichwa chini. Katika hesabu za Mwingereza, *namba* ni modeli na *mark* ni toleo la modeli hiyo. Bunduki ya mzee ni Namba 4. Mark yake ni I au 2. Anayesema "Mark Four" ameichukua namba ya modeli akaiweka kwenye kiti cha toleo. Haidhuru mazungumzo ya barazani, lakini kwenye kununua vipuri au kuandika ripoti inaleta balaa, kwa sababu kuna Lee-Enfield nyingine zilizo na Mark kubwa.

Mfumo huo wa namba ulianza 1926. Kabla yake kulikuwa na bunduki fupi ya Lee-Enfield, ambayo toleo lake la Mark III lilitoka 1907 na kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1926 hiyo ikabatizwa Namba 1. Namba 4 ilipitishwa 1939, na viwanda vikaanza kuitoa kwa wingi 1941. Namba 5 ikafuata 1944.

Kuzitofautisha hakuhitaji kufungua skrubu hata moja. Tazama puani. Namba 1 ina pua butu: chuma cha mbele kimeufunika mtutu mpaka mdomoni. Namba 4 mtutu wake umechomoza kidogo mbele ya mbao. Kisha tazama kilengeo cha nyuma. Cha Namba 1 kimekaa juu ya mtutu, mbele ya chemba (chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa risasi), na kina mkato ulio wazi juu. Cha Namba 4 kimerudi nyuma karibu na jicho, nacho ni tundu la kuchungulia. Mwisho soma chuma chenyewe. Kwenye Namba 1 maandishi yako upande wa kulia, kwenye pingili ya chuma inapoingia mbao ya kitako: taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka. Taji hilo, kwa njia, halimaanishi bunduki ilikuwa ya ikulu ya London. Kila iliyotoka kwenye viwanda hivyo ilipigwa taji. Kwenye Namba 4 modeli mara nyingi imeandikwa ubavuni kushoto. Zenye maneno "U.S. PROPERTY" zilitengenezwa Marekani na kampuni ya Savage kwa ajili ya Uingereza, kwa hiyo si kweli kwamba jeshi la Marekani lilikuwa likitumia Lee-Enfield.

Namba 5 ndiyo inayoitwa "karabini ya msituni", na ndiyo inayoigizwa sana. Ya kweli ina uzito wa kilo 3.2 hivi, ina koni ya kuficha mwako mdomoni na mpira kwenye kitako, na chuma cha mtutu karibu na chemba kimekwanguliwa kupunguza uzito. Baada ya vita wafanyabiashara wa Marekani walikata Namba 1 na Namba 4 za kawaida, wakazichomeka koni na kuziuza kwa jina hilo. Ukiona koni lakini chuma cha ndani hakijakwanguliwa, umeona nguo ya kuazima.

Herufi mbili zaidi, tafadhali: DP. Ukizikuta kwenye mtutu, mwili au mbao, bunduki hiyo ilishushwa cheo ikawa ya gwaride na mafunzo tu, mara nyingi kwa sababu ilikuwa na kasoro. Si ya kupigwa risasi, hata ionekane imara namna gani.

SWALI: Nasomea uanahabari. Polisi wakisema wamenasa "risasi za 7.62", naandika hivyo hivyo. Mhadhiri ameniuliza "7.62 ipi?" nikabaki kimya. — *Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Mhadhiri wako ana haki. 7.62 ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita, basi. Haisemi ganda lina urefu gani, lina baruti kiasi gani, wala linaingia bunduki ipi. Ni kama kusema "spana ya kumi na tatu" bila kusema ya mdomo wazi au ya boksi.

Tatu ndizo utakazokutana nazo katika habari za ukanda huu. Ya kwanza ina ganda la milimita 39, ya AK na jamaa zake: kichwa (kile kipande kinachoruka) cha gramu 8 hivi, mwendo wa takriban mita 715 kwa sekunde. Ya pili ina ganda la milimita 51, ya nchi za NATO, inayoingia bunduki za G3 na FAL. Kichwa chake ni gramu 9.5 hivi na mwendo hupita mita 800. Ya tatu ina ganda la milimita 54 lenye ukingo uliotokeza kitakoni, ya Urusi tangu 1891, nayo bado inalisha bombomu (bunduki ya mfululizo ya kuwekwa juu ya miguu) aina ya PKM. Hazibadilishani. Ongeza hapo .303 ya Lee-Enfield, ganda la milimita 56 lenye ukingo, na utaona kwa nini "inafanana" ni neno la hatari.

Ajabu ni kwamba hata vichwa vyenyewe havilingani. Kichwa cha NATO kina kipenyo cha inchi 0.308. Cha AK ni 0.311 hivi, na cha .303 ni 0.311 au 0.312. Sababu ni pale mtu alipoweka rula. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyochimbwa na migongo iliyobaki kati yake. Kupima kutoka mgongo hadi mgongo hukupa namba ndogo, na kutoka mfuo hadi mfuo hukupa kubwa. Mrusi wa zamani aliita bunduki yake "ya mistari mitatu", mstari mmoja ukiwa sehemu ya kumi ya inchi. Mistari mitatu ni inchi 0.3, yaani milimita 7.62 kamili. Jina hilo la vipimo vya zamani ndilo bado tunalitamka leo.

Risasi ikiingia chemba isiyo yake hutokea moja kati ya mambo mawili. Ganda likiwa refu mno bolti, yaani komeo la chuma linaloziba chemba, haifungi, na hiyo ndiyo bahati. Likiwa fupi, bolti inaweza kufunga huku ganda likiwa halina kuta za kuliegemeza. Fataki, kile kilipuzi kidogo cha kitakoni, ikilipuka, shaba inapasuka na gesi inarudi nyuma, kwenye uso wa aliyeshika bunduki. Kwa hiyo andika "risasi za 7.62 kwa 39", na kama polisi hawakusema, waulize. Wana namba hiyo, kwa sababu imepigwa kwenye masanduku na mara nyingine kitakoni mwa ganda. Msalaba ndani ya duara kitakoni ni alama ya NATO. Ukiuona, hiyo si 7.62 kwa 39.

SWALI: Je, .308 ya wawindaji na 7.62 ya NATO ni kitu kimoja? Wengine wanaapa kwamba ya kiraia ina nguvu zaidi kwa pauni 12,000 na itailipua bunduki ya jeshi. — *Mlenga shabaha mwenye leseni, Karen*

JIBU: Hizo pauni 12,000 ni kosa la kusoma. Kwenye vitabu vya zamani shinikizo la NATO, kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, limeandikwa 50,000, na la .308 limeandikwa 62,000. Lakini namba ya kwanza ilipatikana kwa njia ya kubonyeza kipande cha shaba na kupima kilivyobonyea, na ya pili kwa kihisio cha umeme. Njia hizo mbili hutoa namba tofauti kwa shinikizo lile lile. Ni kulinganisha kilo na ratili halafu kushangaa.

Tofauti iliyopo kweli ni ya chemba. Ya jeshi huruhusiwa kuwa ndefu kidogo, na maganda ya jeshi huwa na kuta nene za kuvumilia hilo. Ganda jembamba la kiraia kwenye chemba ndefu iliyochakaa linaweza kunyooka na kukatika karibu na kitako. Ukiona mduara unaong'aa kwenye ganda lililotumika, sentimita moja hivi kutoka kitakoni, acha kupiga na mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aipime kwa geji.

Mfano wa 5.56 na .223 ni mkali zaidi. Chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu kabla kichwa hakijagusa mifuo. Risasi ya 5.56 katika chemba iliyobana ya .223 hupandisha shinikizo kweli. Kinyume chake hakuna shida kubwa. Soma kilichopigwa kwenye mtutu, si kilichoandikwa kwenye pakiti.

SWALI: Klipu na magazini, si ni Kiingereza tofauti cha kitu kimoja? — *Msomaji, Kayole*

JIBU: Hapana. Magazini ni kisanduku chenye springi inayosukuma risasi juu. Klipu ni kipande cha bati kinachozishika pamoja ili ziingie magazini kwa mkupuo. Hakina springi ya kulisha.

Lee-Enfield ina magazini ya risasi 10 na hujazwa kwa klipu mbili za risasi tano tano. Bati linatupwa, risasi zinabaki. Carcano ya Mtaliano, ambayo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliiteka kwa wingi Somalia na Ethiopia mwaka 1941, huingizwa risasi sita pamoja na bati lake, na ya mwisho ikishaingia chemba, bati linadondoka lenyewe kupitia tundu la chini. Bila bati hilo Carcano hulishwa risasi moja moja kwa mkono. Ndiyo maana nyingi zilizookotwa bila klipu zilipewa sifa ya "bunduki mbovu ya Mtaliano", na sifa ikasafiri kuliko bunduki yenyewe.

Kwenye .303 kuna mtego mdogo. Kwa kuwa ganda lina ukingo, risasi ya juu lazima ukingo wake ukae *mbele* ya ule wa chini. Ukikaa nyuma, zinakamatana na bolti inakwama katikati. Klipu ya jeshi hupangwa kwa zamu: ya kwanza, ya tatu na ya tano kingo chini, ya pili na ya nne juu, ili igeuzwe upande wowote na bado iingie.

SWALI: Kila bunduki ya jambazi kwenye habari ni "AK-47". Ni kweli zote ni hiyo? — *Msomaji, South B*

JIBU: Chache sana. Modeli ya 1947 ilipitishwa na jeshi la Kisovieti 1949, na Warusi wenyewe waliiita AK tu. Mwili wake wa kawaida ulichongwa kutoka kipande kizima cha chuma, na bunduki tupu ilikaribia kilo 4. Mwaka 1959 ikaja AKM, yenye mwili wa bati la milimita moja lililokunjwa, kilo 3.1 hivi. Hiyo ndiyo iliyoenea duniani, pamoja na binamu yake wa Uchina, Type 56. Ya Mchina utaijua kwa kilengeo cha mbele kilichozungukwa na pete kamili. Ya Mrusi pete yake iko wazi juu. Nyingine za Mchina zina singe ya kukunja iliyofungwa chini ya mtutu daima.

Kwa habari ya kawaida, "bunduki aina ya AK" inatosha na haikosei.

Hapo hapo tumalize la "risasi 600 kwa dakika". Hiyo ni kasi ya mashine endapo ingelishwa bila kukoma. Magazini ni ya risasi 30. Kwa kasi hiyo inaisha kwa sekunde tatu. Hakuna anayepiga 600 kwa dakika.

SWALI: Wanafunzi wangu wakiona picha za askari wa Mjerumani wa 1914 wanasema wote wana "Mauser". Wako sahihi? — *Mwalimu wa historia, Kikuyu*

JIBU: Sahihi nusu, Mwalimu. Mauser ni ukoo, si bunduki moja. Vita vilipoanza askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani katika koloni lake la Afrika Mashariki, walikuwa na Mauser ya 1871: ya risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, ya baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kupiga. Mauser ya 1898, ya risasi tano na baruti isiyo na moshi, ilikuwa nayo sehemu ndogo tu.

Baadaye mambo yakachanganyika. Walitwaa mamia ya bunduki za Waingereza Tanga mnamo Novemba 1914, na za Wareno Ngomano mnamo Novemba 1917. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia), 25 Novemba 1918, askari wake wengi walikuwa wameshika bunduki za Wareno na za Waingereza. Kwa hiyo mzee wa kijiji akikuonyesha "bunduki ya Mjerumani" yenye maandishi ya Kireno, huenda hadithi yake ni ya kweli kabisa.

SWALI: Natafsiri kitabu cha historia. Nachanganyikiwa: risasi, marisau, gobori, rashasha, bombomu. — *Mfasiri, Ngara*

JIBU: Dada, umegusa penyewe. *Risasi* asili yake ni madini, ile metali nzito ya kijivu. Ndipo ikawa kile kipande kinachoruka, na leo ni kitu kizima kabla ya kupigwa. Kwenye maandishi ya kitaalamu tenga sehemu: *ganda*, *baruti*, *fataki* ya kitakoni, na *kichwa*. Ukiandika "risasi ilipatikana sakafuni", hakimu hajui kama ni ganda tupu, kichwa kilichotoka ukutani, au risasi nzima ambayo haijapigwa. Ni ushahidi wa aina tatu.

*Marisau* ni vile vidonge vidogo vya bunduki ya ndege. *Gobori* hujazwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kwa hiyo usiliite gobori kila lililo kuukuu. Lee-Enfield si gobori hata iwe na miaka mia. *Bombomu* ni neno la wakati wa vita, na kwa masikio yetu ndilo linaloifaa zaidi bunduki ya mfululizo ya kuwekwa juu ya miguu. *Rashasha* limelegea sana siku hizi. Libakize kwa silaha inayoendelea kutema risasi maadamu kidole kimebana. Inayotoa moja kila unapobana ni nusu-otomatiki, na tofauti hiyo sheria inaijali sana.

SWALI: Kaka alipopanda dari la nyumba ya marehemu babu, Murang'a, amekuta bunduki ndefu imefungwa gunia na risasi tisa ndani ya kopo. Babu alikuwa Keya, alipigana Burma. Tunasikia wanajeshi walipewa bunduki zao waende nazo nyumbani, kwa hiyo ni urithi wetu halali. Tufanyeje? — *Msomaji, Umoja*

JIBU: Poleni kwa msiba, na asante kwa kuuliza kabla ya kuigusa zaidi. Hadithi ya kwamba askari wa Keya waliachiwa bunduki ni uvumi mtupu. Mwanajeshi alipoachishwa kazi alirudisha silaha stoo. Alichobaki nacho ni medali, hati za utumishi na koti. Bunduki iliyo darini ilifika hapo kwa njia nyingine: huenda aliipewa akiwa mlinzi wa kijiji miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, huenda ilikuwa na leseni iliyokufa zamani, huenda ni ya msituni. Hampaswi kukisia, na hamlazimiki kuthibitisha.

Kisheria silaha hairithiwi kama shamba. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kila mwenye bunduki awe na cheti chake mwenyewe, na cheti cha marehemu hakimfuniki mjukuu. Sheria hiyo huhesabu hata sehemu ya bunduki, kwa hiyo kuikata mtutu au kuificha bolti kando hakuwatoi kwenye kosa, kunaweza kuliongeza. Risasi tisa ni suala la pili, la kujitegemea.

Basi fanyeni hivi. Iacheni pale pale. Msivute bolti "kuona kama inafanya kazi", kwa sababu bunduki ya darini mara nyingi ina risasi chembani. Nazo risasi za miaka sabini, zilizokaa chini ya mabati yanayowaka jua, hazitabiriki. Fungeni chumba, watoto wasiingie. Msiisafishe, maana kutu na alama zake ndizo zitakazoonyesha haijatumika kwa miaka mingi. Msiipige picha ya kuzungusha WhatsApp. Na hili la mwisho ndilo wengi hukosea: msiibebe kwenye matatu mkaipeleke kituoni. Mkisimamishwa njiani, ninyi ni watu watatu wenye bunduki ndani ya gunia.

Nendeni mikono mitupu, kupitia kwa chifu au moja kwa moja kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, wa kituo kilicho karibu na boma hilo, si kituo cha Umoja. Semeni imekutwa wapi, na nani, tarehe gani, na marehemu alikuwa nani. Bebeni nakala ya cheti cha kifo. Ombeni maafisa waje kuichukua wenyewe mbele ya mzee wa kijiji. Msiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na hakikisheni maelezo yametaja namba ya bunduki na idadi ya risasi. Ikiwa ndani ya kopo kuna kitu kingine cha mviringo au chenye pini, msikihesabu wala msikisogeze. Semeni tu kipo.

SWALI: Nikitumia risasi kuukuu za jeshi kwenye .303 yangu yenye cheti, mtutu unaota kutu ndani ya siku mbili hata nikiupaka mafuta. Wenzangu wanasema dawa ni amonia. — *Mlenga shabaha, Lang'ata*

JIBU: Adui yako ni chumvi. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, nayo hunyonya unyevu hewani. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu huku ikila chuma chini kwa chini. Amonia huondoa mabaki ya shaba ya vichwa. Kinachoyeyusha chumvi kwenye chupa hiyo ni maji yaliyomo.

Kwa hiyo maji, na mapema, siku ile ile. Hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu. Toa bolti, elekeza mdomo wa mtutu chini, na kwa faneli mimina lita moja hivi ya maji yanayochemka kuanzia upande wa chemba. Yawe yanachemka kweli, ili chuma kipate joto la kujikausha chenyewe. Chunga maji yasiingie kati ya mbao na mtutu, kwani huko ndiko kutu hujificha. Futa uso wa bolti kwa kitambaa chenye maji ya moto, maana gesi hufika hapo pia. Kausha kwa vitambaa hadi vitoke vikavu, kisha safisha kama kawaida na upake mafuta membamba. Rudia kitambaa chenye mafuta kesho yake, na tena siku ya tatu. Kikitoka na rangi ya chai, rudi kwenye maji.

Wengine watakwambia ganda lenye matundu mawili ndani ya kitako ndilo lenye fataki ya chumvi, na la tundu moja ni salama. Matundu yanaonyesha namna fataki ilivyojengwa, si kemikali iliyomo. Ya jeshi usiyoijua, ihesabu kuwa ya chumvi.

Ukibana kifyatulio ukasikia "tik" bila mlio, usifungue bolti. Baruti kuukuu huchelewa. Shikilia mtutu ukielekea shabaha, hesabu sekunde 30 kamili, ndipo utoe. Ganda lenye ukoga wa kijani au harufu kali ya asidi halistahili hata kujaribiwa. Mrudishie muuzaji mwenye leseni au mpelekee polisi.

SWALI: Sumaku ikishika kichwa cha risasi, ndiyo "ya kupenya chuma"? — *Msomaji, Zimmerman*

JIBU: La. Majeshi mengi hutumia koti la chuma laini lililopakwa shaba juu, au kiini cha chuma laini ndani, kwa sababu ni rahisi kuliko shaba na madini ya risasi. Sumaku hushika vyote hivyo. Ya kupenya chuma ina kiini kilichofanywa kigumu, na sumaku haiwezi kukuambia ugumu. Mara nyingi hutambulishwa kwa rangi ya ncha, lakini rangi moja haina maana moja katika kila jeshi, na baada ya miaka hufutika.